Randy Weston: nianzie wapi, na ninunue LP, CD au nibaki mtandaoni?

Mgosi_wa_Tanga

Wadau, hamjambo. Mjomba wangu amehamia Dodoma kwa mwanawe na ameniachia mashine yake ya santuri. Nimeshanunua sindano mpya, mkanda nimebadilisha, inazunguka vizuri. Wiki hiyohiyo rafiki yangu akanitumia kipande cha muziki: ngoma zinalia, kisha mwanamume anatamka maneno kwa Kiswahili, Kiswahili chetu kabisa, na tarumbeta na tromboni zinakuja kumwitikia. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Kumbe ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, New York, iliyorekodiwa Novemba 1960. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru.

Nataka kumfuatilia mtu huyu kwa mpango, ila nimekuta bahari. Alianza kurekodi mwaka 1954, na alipofariki Septemba 2018, akiwa na miaka 92, alikuwa bado anatoa kazi mpya. Nimejiwekea shilingi laki tatu za kuanzia, na kila kitu lazima kisafirishwe kutoka nje. Naona njia tatu:

Ya kwanza, kuanza 1954 na kupanda mwaka kwa mwaka. Ya pili, kutafuta lile boksi la CD 3 la kampuni ya Mosaic, liitwalo Mosaic Select, ambalo lina kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 50 hadi 1963, Uhuru Afrika ikiwemo. Ya tatu, kununua LP za miaka ya 70, kwa sababu naona ndizo zinazopatikana kwa bei ya kawaida.

Waliopita njia hii, nipeni uzoefu wenu.

Karani_wa_Ilala

Mgosi, karibu sana. Mimi ni wa njia ya tatu bila kusita. Anza na Blue Moses, ya kampuni ya CTI, 1972. Iliuzwa kuliko santuri zake zote, kwa hiyo nakala zipo nyingi na muuzaji hawezi kukuumiza. Ilirekodiwa kwa Rudy Van Gelder, fundi maarufu wa kurekodi jazi, na humo wamo Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Grover Washington kwenye saksafoni, Ron Carter kwenye besi. Nyimbo ni nne tu, ndefu, zote zimetoka Morocco, alikokuwa akiishi. Ukiiweka kwenye mashine ya mjomba utaelewa kwa nini watu tunahangaika na sahani wakati simu zipo.

Nilivyoanza mimi ni hivyohivyo, na bado naipenda.

Mwana_Bukavu

Namheshimu Karani lakini hapa sikubaliani naye. Ukianza na Blue Moses utamfahamu Weston akiwa amekaa kwenye piano ya umeme, chombo ambacho hakukipenda. Kampuni ilimshawishi akakubali. Halafu mpangaji wa muziki Don Sebesky akaongeza ala nyingine juu ya kile bendi ilichokuwa imeshapiga, na Weston mwenyewe hakufurahi. Nzuri ni nzuri, ila si mlango wa nyumba yake.

Anza 1954. Santuri ya kwanza, ya kampuni ya Riverside, ni nyimbo za Cole Porter, mtunzi wa Marekani, yeye na mpiga besi Sam Gill peke yao. Hakuna mahali pa kujificha. Utasikia mkono wa kushoto mzito, zile noti za chini zinazodundwa kama ngoma, na utasikia jinsi wapiga piano Thelonious Monk na Duke Ellington walivyomlea. Kila kilichofuata, hata Tangier ya Morocco, hata Gnawa, muziki wa ngoma za kiroho wa huko, tayari kimo katika mkono ule.

Lakini hizo za mwanzo zisikilize mtandaoni. Santuri asili ya Riverside ya inchi 10 ikiwa safi itakula laki tatu yako kabla hujalipia usafiri.

Binti_Kibokoni

Mgosi, shikamoo zangu kwa mjomba aliyeitunza mashine hiyo.

Mimi nakusanya santuri tangu nirithi kabati la taarabu la marehemu baba, hapa Mombasa, na Weston nilimfikia kwa mlango mwingine kabisa. Naona nyote mnahesabu miaka. Mimi nakushauri ufuate mtu: Melba Liston.

Melba alikuwa mpiga tromboni, mzaliwa wa Kansas City, na ndiye aliyekuwa akimpangia Weston muziki wa bendi kubwa. Weston alikuwa analeta wimbo kwenye piano. Melba anaamua nani auchukue, nani amjibu, nani anyamaze. Mwanamke katika kazi iliyojaa wanaume, na sauti ya bendi ile ni sauti yake kama ilivyo ya Weston. Walianza pamoja na Little Niles mwaka 1958, nyimbo saba za watoto, nyingi zikienda kwa waltz, mdundo wa tatu-tatu. Niles ni mwanawe Weston. Ikaja Uhuru Afrika 1960. Ikaja Highlife 1963. Ikaja Tanjah 1973, mwaka mmoja tu baada ya ile Blue Moses mnayobishania. Ikifika zamu ya Tanjah utasikia mtu amerudishiwa nguo zake mwenyewe: piano, matarumbeta yanayopumua, na ndani yake kuna udi, unapigwa na Ahmed Abdul-Malik, rafiki yake wa tangu utoto Brooklyn. Mimi niliyekulia kwenye udi na kanuni, niliposikia hapo nilirudisha sindano mara tatu.

Halafu Melba akapatwa na kiharusi miaka ya 80, mkono ukakataa tromboni. Akajifunza kupanga muziki kwa kompyuta. Mwaka 1991 wakarekodi The Spirits of Our Ancestors, CD mbili, na Dizzy Gillespie wa tarumbeta na Pharoah Sanders wa saksafoni wamo kama wageni. Mwaka 1993 wakatoa Volcano Blues. Melba alifariki 1999.

Hizo ni santuri sita kwa miaka 35. Ukizisikiliza kwa mfuatano huo utakuwa umemwelewa Weston kuliko aliyesikiliza ishirini kwa tarehe.

Mwana_Bukavu

Dada, hoja yako ina uzito. Ila kwa njia hiyo atamkosa Weston akiwa peke yake kwenye piano, na huko ndiko alikokuwa mkubwa kuliko kote. Blues to Africa ya 1974, hakuna bendi, hakuna Melba, vidole tu. Na karibu na hapo zipo zile tatu alizorekodi Paris mwaka 1989 na kikundi kidogo tu cha besi na ngoma, moja ya nyimbo za Ellington, moja ya Monk, moja ya kwake.

Binti_Kibokoni

Kweli. Hiyo Blues to Africa naikubali, aiongeze.

Pwani_Muscat

Salaam kutoka Muscat. Naongezea upande wa chombo, maana njia mmeshazieleza.

Ndugu Mgosi, wewe uko Tanga, mimi niko Oman. Adui zetu ni wamoja: joto na unyevu. Kiangazi kilichopita muuzaji wa Ulaya alinitumia LP tatu, zikakaa siku mbili kwenye ghala lisilo na kiyoyozi. Mbili zilifika zimepinda kama kaimati. Tangu siku hiyo LP naagiza kuanzia Novemba hadi Machi tu, na miezi mingine nanunua CD.

Kwa Weston hili halina hasara kubwa. Kazi zake za miaka ya 90 kwangu ni kati ya bora kuliko zote, na zilitolewa kwenye CD wakati LP zilikuwa zimeachwa na kampuni. Spirits of Our Ancestors ya mkono wa pili mara nyingi ni rahisi kuliko LP moja ya kawaida, na bahasha yake ni nyepesi. Kumbuka uzito: LP ikifungwa vizuri kwa makaratasi magumu hufika karibu nusu kilo, na posta wanalipisha kwa uzito.

Tahadhari moja: kuna CD iitwayo The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco, jina la Weston liko juu. Piano humo ni kidogo sana. Ni mabingwa wa Gnawa wenyewe na gimbri zao, zile ala za nyuzi zenye sauti nzito, yeye amewapisha. Inunue kama unawataka wao. Mimi nawataka, naisikiliza sana usiku, lakini aliyetaka piano atajiona ametapeliwa.

Mgosi_wa_Tanga

Asanteni wakuu, nimeandika kila kitu daftarini. Maswali mawili.

La kwanza, nimeona santuri iitwayo African Cookbook inauzwa kwa bei nzuri, LP ya kampuni ya Atlantic. Mwingine anauza African Cookbook, imeandikwa Polydor, kampuni nyingine, Ufaransa, bei mara nne. Ni santuri moja au ni mbili?

La pili, Uhuru Afrika yenyewe. Moyo wangu uko pale. Niitafute asili?

Karani_wa_Ilala

Hapo kwenye African Cookbook ndipo walipoteleza wengi waliotangulia. Ni mbili tofauti kabisa. Ile ya Atlantic ilitoka 1972, lakini muziki wake ulirekodiwa 1964 na Weston aliutoa kwanza mwenyewe, kwa lebo yake Bakton, kwa jina la Randy. Booker Ervin yumo kwenye saksafoni na anawaka moto. Ile ya Polydor ilirekodiwa Paris 1969, Henri Texier kwenye besi na Art Taylor kwenye dramu. Chukua ya Atlantic. Kisha, mtandaoni, tafuta wimbo huohuo wa African Cookbook kwenye Monterey '66, iliyorekodiwa jukwaani: wanaupiga zaidi ya dakika 20, na haukutolewa mpaka 1994.

Ukinunua, usisome jina la santuri peke yake. Mwombe muuzaji picha ya lebo ya katikati na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini baada ya mfereji wa mwisho. Namba zile ndizo cheti cha kuzaliwa, jalada linaweza kubadilishwa. Na alama ya ubora: chini ya VG+ (yaani nzuri sana na zaidi kidogo; VG ni nzuri sana, ila ina mikwaruzo) usikubali kwa jazi yenye piano peke yake, kwa sababu kwenye noti ndefu inayokufa polepole utasikia kila mkwaruzo. Kwa bendi kubwa, VG inavumilika.

Binti_Kibokoni

La Uhuru Afrika nijibu mimi.

Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike mwanzoni kabisa mwa kazi ile, si Kiingereza. Aliulizia kwa watu wa Umoja wa Mataifa, akaelekezwa kwenye Kiswahili. Langston Hughes, mshairi wa Marekani, aliandika shairi, na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, ndiye unayemsikia akilisema. Mwaka huo wa 1960 ndio nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues. Nyuma ya Sanga yuko Max Roach kwenye dramu, yuko Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma, yuko Candido wa Kuba kwenye konga, wako Clark Terry kwenye tarumbeta na Yusef Lateef kwenye saksafoni. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii. Na Weston alikuwa hajakanyaga Afrika bado. Alifika Lagos kwa mara ya kwanza Desemba 1961, zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Baba yangu alikuwa na santuri za Morogoro Jazz na Western Jazz, na tulipokuwa wadogo tuliamini jazi ni zile gitaa. Nilipomsikia Sanga kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, na nilihisi kwamba mtu alikuwa ametuwekea kiti New York kabla sisi hatujajua kuna sherehe.

Kwa hiyo naelewa moyo wako. Lakini asili ya Roulette, kampuni iliyoitoa kwanza, usiitafute sasa. Zile safi zina bei ya wakusanyaji wenye pesa, na zile za bei nafuu zimechezwa hadi zimechoka. Juu ya sauti ya Sanga utasikia chakarachakara. Lile boksi la Mosaic Select linayo, ila lilitolewa kwa idadi maalumu na sasa ni mkono wa pili tu. Ipo pia CD ya 1990 iliyounganisha Uhuru Afrika na Highlife. Ukiiona hiyo, usiulize mtu, lipa. Kazi mbili za Melba kwenye kisahani kimoja, na kwenye Highlife kuna Niger Mambo ya Bobby Benson wa Lagos na Congolese Children, ambayo Mwana Bukavu ataifurahia.

Mwana_Bukavu

Naifurahia tangu zamani, dada.

Mgosi_wa_Tanga

Nimeamua. Tanjah LP nimeipata kwa muuzaji wa Uholanzi, VG+, picha za lebo ameshanitumia. CD ya Uhuru Afrika na Highlife nimeiweka kwenye orodha ya kusubiri. Spirits of Our Ancestors nimelipia leo asubuhi. Za 1954 nitazisikiliza kwa bando usiku. Blue Moses, Karani usinikasirikie, itakuja mwezi wa tatu.

Swali dogo: santuri za mjomba zilizokuwa kwenye kabati zina ukungu mweupe. Nizitupe?

Karani_wa_Ilala

Usitupe hata moja! Na sijakasirika. Zioshe kwa maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yapo maduka ya dawa. Weka tone la sabuni ya maji, tumia brashi laini, fuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Kinga karatasi ya lebo isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, ziache zikauke zikiwa zimesimama. Mifuko ya ndani ya zamani ndiyo tupa yote, ukungu unaishi humo. Na kabati lisigusane na ukuta.

Binti_Kibokoni

Na hizo za mjomba ni za nani? Tuwekee majina hapa, tusije tukawa tunazungumzia Brooklyn na hazina iko Tanga.

Tanjah ikifika, anza na Hi-Fly. Jina limetokana na urefu wake: alikuwa mtu wa zaidi ya mita mbili, ardhi ilikuwa mbali. Kwanza isikilize mtandaoni kama alivyoipiga Five Spot, klabu ya jazi ya New York, mwaka 1959, Coleman Hawkins kwenye saksafoni, ndipo uweke sindano. Halafu nenda kwenye wimbo wenyewe wa Tanjah, usubiri udi, uje utuambie umerudisha sindano mara ngapi.