Mtoto ana kitu kigumu kwapani baada ya BCG (chanjo ya kifua kikuu), naombeni ushauri

mama_wa_kwanza: Wakuu habari, mwanangu ana wiki 7, BCG alichomwa siku ya pili tu baada ya kuzaliwa, kale kakidonda kalitoa usaha kidogo sasa kanakauka, ila jana namwogesha nikagusa kitu kama punje ya harage kwapani, upande ule ule wa sindano. Homa hana, ananyonya vizuri. Mama mkwe anasema ni mtoki tuukande na maji ya chumvi. Naogopa jamani.

kobe_mzee: Kandeni tu, sisi tulikandwa na tuko hai 😂

nesi_wa_zamu: Usikande, usiminye, wala dawa usipake! Mama mkwe kwenye jina hajakosea, ni mtoki kweli. Iko hivi, bakteria wa BCG wako hai ila wamepunguzwa makali. Pale kwenye ngozi kuna seli za dendritiki, hizo ni kama mgambo, zinammeza bakteria zinamkatakata halafu zinaondoka na vipande kwa njia ya mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi za kwapani kuzionyesha seli T, hizo ndo askari wenyewe wa kinga ya mwili. Seli T ikikutana na kipande chake inaanza kuzaana, ndo tezi inavimba.

ndugu_swali: Samahani, kwani seli T si ziende zenyewe kwenye kidonda?

nesi_wa_zamu: Haziwezi. Seli T bakteria mzima haimjui hata apite mbele yake, mpaka aletewe vipande vipande vimetundikwa juu ya seli nyingine. Na inayokijua kipande fulani ni moja kati ya maelfu kwa maelfu, ingezunguka mwili mzima ingechoka, ndo maana zinakutana kwenye tezi, kile ndo kijiwe chao. Ralph Steinman aliyezigundua hizo dendritiki 1973 alipewa Nobel 2011, siku 3 tu baada ya kufariki, masikini.

Turudi kwa mtoto. Mtoki mdogo mgumu mara nyingi unaisha wenyewe, inaweza kuchukua miezi. Ukikua, ukawa laini kama una maji ndani, ngozi ikawa nyekundu au mtoto haongezeki uzito, mpeleke. Na kama una VVU au hujapima, usingoje dalili, nenda kesho useme wazi, maana kinga ya mtoto ikiwa chini hao bakteria wanaweza kusambaa.

mama_wa_kwanza: Asante sana dada, nilipima kliniki niko salama. Sasa mama mkwe namwambiaje, maji keshabandika 😩

nesi_wa_zamu: Yaogee wewe mwenyewe.