Meli ya hospitali inarudi Freetown: kuna aliyewahi kujitolea kule?

NesiWaNyegezi
Habarini wakuu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji huku Kanda ya Ziwa. Nimeona ile meli ya shirika la hisani la Mercy Ships, Global Mercy, ikitoka matengenezo inarudi tena Freetown, Sierra Leone, na wanatafuta wauguzi. Fomu nimeanza kujaza. Mume wangu kaisoma, akauliza: "Kwa hiyo unaomba likizo bila malipo, unajilipia nauli, halafu unafanya kazi bure?" Nikakosa jibu. Aliyewahi kwenda anieleze gharama, kazi yenyewe, na sisi Waafrika tunachukuliwaje mle ndani. Kiingereza changu ni cha kazini, si cha kuchekesha watu.

MzeeWaKahawa
Mume ana hoja. Wodi yako usiku ina wauguzi wangapi? Ukitaka kujitolea, Sengerema haina haja ya pasipoti.

DadaWaPangani
Mdogo wangu, karibu. Nimefanya kazi kwenye meli hiyo, Freetown hiyohiyo.

Pesa kwanza, maana ndiyo inayogombanisha. Mshahara hakuna. Nauli yako, bima yako, chanjo zako (kadi ya homa ya manjano usiisahau), na nilivyoenda mimi kulikuwa na ada ya kila mwezi ya chakula na malazi. Nilichangisha. Watu wetu wanachangia sendoff, kitchen party na harusi yenyewe, washindwe hili? Nilifungua kundi la WhatsApp, uhasibu nikampa shangazi yangu, ambaye ukiahidi elfu kumi mbele yake ni bora uitoe palepale.

Kazi sasa. Meli ina urefu wa mita 174, vyumba sita vya upasuaji, vitanda kama 200. Imefungwa gatini, kwa hiyo habari za kutapika sahau. Ukiwa wodini hata bahari huikumbuki, mpaka king'ora cha mazoezi ya moto kilie na daktari bingwa na mpishi wapange foleni moja na majaketi ya kuokolea. Utapokea midomo sungura, matege ya watoto, makovu ya moto yaliyokunja mkono, uvimbe wa taya ambao mtu ameishi nao miaka akiufunika kwa kitambaa. Walezi wa watoto wanalala kwenye godoro chini ya kitanda cha mgonjwa. Zamu ya usiku angalia unapokanyaga.

Kwenye fomu hawakwambii hili: wauguzi wenzako wengi watakuwa wametoka Ulaya na Marekani. Mama wa mgonjwa akikuona wewe, anadhani umetoka Makeni, mji wa hukohuko Sierra Leone. Anakushika mkono na kukumwagia Kitemne, lugha yao ya kule. Mzungu asipojibu anasamehewa. Wewe anakuona unaringa. Dawa yake ni wakalimani, vijana wa palepale ambao meli inawaajiri. Kula nao, wakufundishe Kikrio cha wodini, ile lugha inayowaunganisha watu wote kule. Kiingereza chako kinatosha, usijidharau.

Na uafrika wako una kazi yake. Shirika ni la Kikristo, lakini Sierra Leone wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa na baba mmoja aliyekataa maji na dawa, wenzangu wanaandika kwenye faili kwamba ni mgumu. Mimi ni Mkristo wa Pangani, nimekulia uani na watoto wa madrasa. Nikamwambia mkalimani amwambie mgonjwa ana ruhusa, siku zake atazilipa akipona. Akanitazama, akaniuliza nani kanifundisha. Akanywa.

FundiMvita
Si manesi peke yao jamani. Mie ni fundi umeme, nilikuwa Africa Mercy, meli yao ile kongwe iliyokuwa feri ya kubeba treni huko Denmark. Kuna walimu, mabaharia, wapishi, hata wa kufua. Kabini mwalala kadhaa, na maji ya kuoga ni dakika mbili, basi. Na damu: wafanyakazi ndio benki ya damu. Mie kundi O nilipigiwa simu nimetoka zamu, mafuta bado mikononi, mgonjwa yuko mezani.

MzeeWaKahawa
Haya, nimesikia. Lakini meli ikiondoka, wanabaki na nani?

DadaWaPangani
Hilo swali ni halali, Mzee. Watu wale wametoka kwenye vita ya 1991 hadi 2002, kisha Ebola ikawaua madaktari na wauguzi wao wenyewe. Meli hii ilianza kuja hapo Agosti 2023, inatoka kwa matengenezo na kurudi, na inafundisha wataalamu wa nchi. Haitoshi. Nilipangwa siku moja kwenye uchaguzi wa wagonjwa. Meli haitibu kila kitu, na mtu katoka mbali, mara nyingine poda-poda mbili (daladala za kule) na bodaboda, kumwambia "hapana" mbele ya mtoto wake. Mimi wodi yoyote naiweza, ila lile benchi sirudi.

NesiWaNyegezi
Asanteni sana. Mume kasoma yote, kaguna tu, lakini hajafunga simu. Nianzie wapi, kazini au kwenye leseni?

DadaWaPangani
Leseni. Hakikisha iko hai, kisha waandikie Baraza la Uuguzi na Ukunga uulize barua ya uthibitisho, usingoje meli ikuombe. Kazini peleka ombi la likizo kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri. Wadhamini wako chagua wanaojibu barua pepe. Matroni mwenye cheo kikubwa asiyefungua kompyuta atakuchelewesha.