Jina la ukoo la Fernandes: je, wote wanaoitwa hivyo ni wa babu mmoja?

Mkazi wa Makadara:
Salaam kwenu nyote. Nilikulia Mombasa, jirani na familia ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa huko India, iliyoitwa Fernandes, na tangu utotoni nilidhani kuwa jina hilo liliachwa hapa na Wareno waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Sasa namwona Bruno Fernandes wa Ureno akiitwa hivyohivyo, na kabla yake Gelson Fernandes, mzaliwa wa Cape Verde aliyeifungia Uswisi bao la ushindi dhidi ya Hispania katika Kombe la Dunia la 2010. Je, hawa wote ni ukoo mmoja?

Mpenda Lugha:
Hapana. Kiishio "-es" katika majina ya Kireno kilifanya kazi ileile ya neno "bin" kwetu: Fernandes ni mwana wa Fernando, kama Rodrigues alivyo mwana wa Rodrigo na Nunes mwana wa Nuno. Zamani jina hilo lilibadilika kila kizazi, hivi kwamba mtoto wa Fernando aliitwa Fernandes lakini mjukuu akachukua jina la baba yake mwenyewe, hadi baadaye majina hayo yalipoganda na kurithiwa kama yalivyo. Kwa kuwa akina Fernando walikuwa wengi mno, koo nyingi zisizojuana ziliangukia jina moja. Fernando lenyewe ni jina la Kigothi, lililoletwa na Wavisigothi, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala rasi ya Iberia (Hispania na Ureno za leo) kabla ya Waislamu, na sehemu yake ya pili ina maana ya ushujaa. Wahispania huliandika Fernández, kwa "z".

Msomaji wa Historia ya Pwani:
Naongeza kuhusu Mombasa, maana dhana hiyo nimeisikia mara nyingi na inawanyima Wagoa historia yao. Utawala wa Wareno hapa ulikoma mwaka 1698, ukarudi kwa muda mfupi tu mwaka 1728 hadi 1729. Walichotuachia ni maneno kama meza, leso na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa. Akina Fernandes wa pwani yetu walitoka Goa, wengi wao enzi za Waingereza, wakiwa makarani, washonaji na wapishi. Goa ilitwaliwa na Wareno mwaka 1510 na kubaki mikononi mwao hadi 1961, na wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi jina la padri au la msimamizi wa ubatizo. Kwa hiyo jina linaonyesha nani alisimama kwenye kisima cha ubatizo, wala halithibitishi damu ya Kireno. Leo limejaa Brazil na Ureno, na pia Goa na Mangalore, alikozaliwa George Fernandes, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa India.

Mkazi wa Makadara:
Nashukuru sana. Je, familia kama ile inaweza kufuatilia asili yake zaidi ya jina?

Msomaji wa Historia ya Pwani:
Inaweza, ndugu yangu, ila ianze na kijiji badala ya jina. Wazee wa Kigoa kwa kawaida hukumbuka kijiji chao na parokia yake. Na kujua kama ni cha wilaya ya Bardez huko Goa, walikohubiri watawa wa Kikatoliki wa Wafransisko, au cha wilaya ya Salcete, walikokuwa watawa wa Wajesuiti, kutawaonyesha ni vitabu vya ubatizo vya kanisa gani wavitafute.