Toni Collette: alikwepaje kugandishwa kwenye Muriel, na nitazame zipi?

Mpekuzi wa Filamu
Wakuu, salaam. Naandaa makala fupi kuhusu Toni Collette, mwigizaji wa Australia. Wasifu wake mitandaoni unagongana: huyu anasema alihitimu NIDA, yule anasema aliacha, na miaka ya tuzo haikubaliani. Zaidi ya hapo, baada ya filamu ya Muriel's Wedding, alimoigiza Muriel, ilikuwa rahisi wamgeuze kuwa msichana mnene wa vichekesho milele, lakini haikuwa hivyo. Alifanyaje? Na kama ni kutazama kazi tano tu, zipi?

Pazia Jekundu
Mkuu, amezaliwa Sydney tarehe 1 Novemba 1972, akakulia Blacktown, magharibi mwa jiji hilo. Jina la ukoo alilozaliwa nalo ni Collett. Ile "e" ya mwisho aliiongeza mwenyewe, hivyo ukikutana na Collett usidhani ni mtu mwingine. Shule aliiacha akiwa na miaka 16. NIDA, chuo cha taifa cha maigizo pale Sydney, aliingia lakini hakumaliza: aliondoka kwenda kuigiza jukwaani kama Sonya katika Uncle Vanya. Anayeandika "mhitimu wa NIDA" amekosea.

Filamu yake ya kwanza ni Spotswood, pamoja na Anthony Hopkins. Marekani iliuzwa kwa jina la The Efficiency Expert, kwa hiyo usiihesabu mara mbili. Nafasi yake humo ni ndogo, ila ilitosha kumpatia uteuzi wa tuzo za AFI, tuzo za filamu za Australia, kama mwigizaji msaidizi.

Kuhusu miaka, chanzo cha mkanganyiko ni hiki. Muriel's Wedding ni ya 1994, na AFI ya mwigizaji bora wa kike aliipata mwaka huohuo. Uteuzi wa Golden Globe kwa filamu hiyohiyo unasomeka 1996, kwa sababu Marekani iliingia kumbi za sinema 1995 na hafla ikafuata mwaka uliofuata. The Sixth Sense nayo ni ya 1999, lakini hafla ya Oscar ilifanyika 2000. Kila unapotaja mwaka, sema kama ni wa filamu au wa hafla. Ukichanganya, makala nzima itakosa mpangilio.

Sauti na Lafudhi
Nijibu lile la kugandishwa, maana ndilo lenye uzito.

Kwa ajili ya Muriel aliongeza takriban kilo 18 kwa wiki saba, akisaidiwa na mtaalamu wa lishe. Watu wengi huishia kwenye kilo. Mtazame mwanzoni mwa filamu, kwenye harusi ya mwenzake: gauni la madoa ya chui, shada la maua la bibi harusi mkononi, na tabasamu linalobaki usoni hata pale wenzake wanapoanza kumsakama. Lile tabasamu ndilo uhusika wenyewe. Mwili aliupunguza baadaye, na waongozaji waliokuwa na macho walishaona kwamba kipaji hakikuwa kwenye kilo.

Halafu angalia alichokubali baada ya hapo. Emma ya 1996, akiwa Harriet Smith, Mwingereza, nyuma ya Gwyneth Paltrow. The Boys ya 1998, filamu ya Australia nzito na ya kutisha, akiwa Michelle, mpenzi wa mtu aliyetoka gerezani. Hakung'ang'ania jina lake liwe juu kwenye bango. Kila nafasi ilikuwa na lafudhi nyingine na tabaka jingine, hivyo mtu wa kugawa nafasi alikosa boksi la kumtia. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliomwokoa, kuliko hata tuzo.

Kwenye The Sixth Sense, nenda moja kwa moja kwenye onyesho la garini. Yeye ni mama, yuko na mwanawe, wamekwama kwenye foleni, mtoto anamwambia kuhusu bibi yake aliyefariki. Kwanza anamkemea, hataki kusikia. Mtoto anaendelea, hadi jambo ambalo mama mwenyewe tu ndiye alilijua. Hapo maneno yanamwishia, mkono unapanda mdomoni, na kazi yote inafanywa na macho na pumzi. Itazame mara moja bila sauti, utaona mpangilio wote.

Pazia Jekundu
Tano zangu: Muriel's Wedding, The Sixth Sense, Japanese Story, msimu wa kwanza wa United States of Tara, na Hereditary.

Japanese Story (2003) usiiruke. Ni mwanajiolojia Sandy, anamtembeza mgeni wa Kijapani huko Pilbara, Australia Magharibi, gari linazama kwenye mchanga wa jangwani. Baadaye hadithi inageuka ghafla, na uzito wote unamwangukia yeye. Usisome muhtasari kabla, utajiharibia.

Tara ilirushwa na kituo cha televisheni cha Marekani, Showtime, 2009 hadi 2011, misimu mitatu. Mama mmoja mwenye nafsi kadhaa: T, binti wa rika la ujana; Alice, mama wa nyumbani wa mtindo wa miaka ya 1950; na Buck, mwanamume aliyepigana Vietnam. Usihadaike na nguo na mawigi, fuata namna kila mmoja anavyoketi na anavyoanza sentensi. Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, aliipata 2009, Golden Globe 2010, zote kwa kazi hiyohiyo.

Mpekuzi wa Filamu
Nashukuru sana wakuu. Oscar ana ngapi? Na AFI zake ni za mhusika mkuu zote?

Sauti na Lafudhi
Oscar hana. Ameteuliwa mara moja tu, kwa The Sixth Sense, mwigizaji msaidizi, na mwaka ule ilikwenda kwa Angelina Jolie. Kwa Hereditary (2018) alishinda tuzo ya Gotham, Oscar hawakumteua kabisa, na hilo bado linaniuma.

AFI ni tano. Mbili za mhusika mkuu: Muriel's Wedding na Japanese Story. Tatu za msaidizi: Lilian's Story, The Boys na The Black Balloon. Tangu 2011 tuzo hizo zinaitwa AACTA, kwa hiyo ukipekua orodha tafuta kwa majina yote mawili. Za kwake zote tano ni za kabla ya jina kubadilika, ziandike AFI.