Mwaka wa korona tulibebana wenyewe. Leo tunatozwa kwa kubebana!

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu ni wa tozo ya miamala ya simu, ni mrefu na nimeuandika Novemba 2021 nina hasira, mwenye haraka apite zake. Sijaja kumtukana mtu. Nimekuja na daftari langu la matumizi, na nataka mmoja katika hawa waliokuja kuomba kura zetu anijibu.

Juzi nimemtumia mamaangu shilingi 30,000. Yeye yuko Micheweni, mie niko Unguja, Mtoni. Ana miaka 73 na anaumwa sukari. Nikaweka na ya kutolea kama siku zote, maana huwezi kumtumia mzee pesa halafu akifika kwa wakala zikapungua. Ujumbe ulipokuja nikausoma: makato ya kampuni haya hapa, tozo ya serikali hii hapa. Usiku mama akanipigia. Kumbe kule nako alipotoa kakatwa tozo nyengine, na ya kutolea niliyoweka haikutosha. Akaniambia taratibu, kama mtu anayeona haya, "Mwanangu, usinitumie kila wiki tena. Zikusanye uzitume mara moja, wasizile sana."

Mama hajui kusoma ujumbe wa simu, anasomewa na mjukuu. Lakini keshajua kuwa kila akitumiwa pesa kuna mkono unapita katikati. Sikulala.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna watu wanasahau haraka. Machi 2020 mume wangu alikuwa dereva wa kampuni moja ya kutembeza wageni, anawachukua uwanja wa ndege anawapeleka Nungwi, Paje, Kiwengwa. Mshahara 350,000, na bakhshishi za wageni ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya nyumba. Ndege ziliposita, wakaitwa wote wakaambiwa wende nyumbani wiki mbili. Zile wiki mbili zikawa miezi minane. Hakuna barua, hakuna mshahara, hakuna aliyepiga simu kuuliza mnakula nini. Mtaa wetu mzima ulikuwa hivyo: wapishi, wafua mashuka, walinzi, vijana wa boti, wauza vinyago. Mwaka 2019 Zanzibar iliingiza wageni zaidi ya 538,000, mwaka 2020 wakawa kama 260,000. Ukuaji wa uchumi wetu uliokuwa kwenye asilimia 7 ukaanguka mpaka 1.3. Wataalamu wana majina yao ya kuuita mwaka ule. Kwangu ni mwaka ambao watoto wanne walizoea kulala na boflo na chai ya rangi, na yule mdogo akawa haulizi tena kama leo kuna mchuzi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penye uzi wenyewe. Nani alitubeba mwaka ule?

Shemegi yangu yuko Muscat, anafanya kazi dukani kwa mtu. Naye mshahara ulikatwa nusu, lakini kila mwezi hakukosa kutuma chochote. Mjomba wangu kule Pemba aliuza karafuu zake, kwa bei ileile ya serikali tuliyoizoea tangu enzi za rais wetu Dokta Shein, 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na kabla hajanunua bati la kuziba paa lake akanitumia laki moja. Wanawake wenzangu wa mchezo wa upatu walikaa wakakubaliana nipokee mwanzo ilhali zamu yangu ilikuwa ya tisa. Muuza duka wa jirani aliniandika mpaka ukurasa ukajaa na hakunifedhehesha mbele za watu hata siku moja, Mungu amzidishie. Na mamaangu, huyo wa miaka 73, aliyekuwa akipokea Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule ambayo wazee waliotimia miaka 70 walianza kupewa 2016, alikuwa akitoa 10,000 katika hizo ananitumia mie. Nilikuwa nikizipokea nalia. Bibi kizee anayekula muhogo na dagaa anamlisha binti yake wa mjini mwenye mume.

Pesa zote hizo zilipita kwenye simu. Zisingeweza kupita pengine. Baina yangu na mama kuna bahari. Wenzetu wa Bara mtu anaweza kumpa kondakta wa basi bahasha akaifikisha. Sie huku ni nauli ya boti, au umtafute anayesafiri umuombe, na si kila anayesafiri ni wa kumuamini. Simu kwa Mzanzibari mwenye wazee Pemba ndiyo njia yenyewe.

Na mlangoni kwangu mwaka mzima ule hakikufika hata kibaba cha mchele kutoka kwa mkubwa yeyote. Nasema kwangu, sisemei kwa wengine. Walichofika nacho ilikuwa kofia, kanga na vipaza sauti, Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi. Nilipanga foleni nikapiga kura.

Halafu Juni 2021, wakati watu ndio kwanza wanajaribu kusimama, Bunge likakaa Dodoma likapitisha tozo ya miamala ya simu. Ikaanza Julai 15. Tukaanza kutozwa tukituma, tukatozwa tukitoa, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walipopiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30 na tukatakiwa tushukuru. Nishukuru nini? Mtu kanikanyaga mguu, kaunyanyua kidogo, bado yuko juu yake.

Jamani, ile laki moja ya mjomba si biashara wala si mapato yangu. Ni sadaka, ni haki ya damu. Shilingi hiyohiyo ikishakuwa mshahara wa mtu imeshakatwa kodi. Nikienda dukani kununua sabuni nalipa kodi ndani ya bei. Nikimtumia mama nalipa. Mama akitoa analipa. Akenda naye kununua sabuni analipa tena. Na mwenye mamilioni anayehamisha kutoka benki moja kwenda benki nyengine, tozo hii ya 2021 haimgusi. Inamgusa anayetuma elfu tano ya maziwa ya mtoto. Waliopanga hivi waliona kuwa sie ndio wengi, na kwamba hatuna pa kukimbilia. Mama hana akaunti ya benki, na benki yenyewe kwake ni safari ya daladala kwenda na kurudi.

Kinachonikera kuliko vyote ni kuwa hata pa kulalamikia sina. Nimemuuliza mtu mmoja anayejua mambo, akanambia mawasiliano na Benki Kuu ni mambo ya Muungano, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani halina la kufanya. Sawa. Basi sie tuna majimbo 50, kila jimbo lina mbunge wake Dodoma, na Baraza nalo linapeleka wake watano. Wa kwangu sikumsikia. Nilifuatilia redio siku zile napika, sikumsikia akisema neno moja: huku kwetu kuna bahari katikati, watu wetu hawana kazi, wanaishi kwa kutumiana. Neno hilo tu. Hata lisingebadilisha kura ningejua kuwa alitukumbuka.

Daftari sasa. Lita ya mafuta ya kupikia niliyokuwa nikinunua 3,500 leo naambiwa 5,500. Nauza maandazi asubuhi, kwa hivyo mafuta ndiyo roho yangu. Unga wa ngano umepanda, sukari imepanda, mchele mapembe wenyewe, ambao ndio chakula chetu wanyonge, umepanda. Andazi siwezi kulipandisha, wateja wangu ni watoto wa skuli wanaokuja na mia mia. Nalipunguza ukubwa, na kila nikikata donge naona kama naiba. Mume karejeshwa kazini tangu mwisho wa 2020, Alhamdulillahi, ila kwa 180,000, kazi ileile. Anauliza lini watarudishiwa mshahara wao, anaambiwa hali bado ngumu. Hoteli anazopeleka wageni zimejaa Warusi.

Najua wataruka hapa wale wa kunambia mafuta yamepanda dunia nzima. Najua. Meli na makontena yamekuwa ghali, na sie kisiwa tunaleta karibu kila kitu kutoka nje. Sijasema serikali ndiyo iliyopandisha mafuta. Nasema wakati bei ya dunia inamkaba mtu shingoni, si wakati wa kumtia mkono mfukoni.

Na wataruka wale wa kunambia tozo inajenga madarasa na vituo vya afya. Mie mwanangu wa pili yuko darasa la watoto zaidi ya mia moja, wengine wanakaa chini. Madarasa nayataka kuliko nyinyi. Lakini Oktoba 2021 tumetangaziwa mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya athari za korona, na Zanzibar fungu letu bilioni 230 na ushei. Tukaambiwa skuli, hospitali, maji, masoko. Vizuri. Athari za korona ni mie hapa. Ni mume wangu aliyekaa miezi minane bila ya mshahara. Ni deni langu la duka ambalo mpaka leo sijalimaliza. Katika bilioni zote hizo nimetafuta mstari mmoja unaosema familia zilizokosa mshahara zitafutwa jasho, sijauona. Mkopo umechukuliwa kwa jina letu, wa kuulipa ni watoto wetu, na wakati huohuo elfu thelathini ya mama inapigwa panga.

Siombi pesa. Naomba mambo mawili na si makubwa. Muamala wa chini ya shilingi 50,000 usiguswe kabisa, kwa sababu huo si utajiri, huo ni mtu anamlisha mtu. Na Pensheni Jamii, mzee anayeitumia kwa mjukuu wake au mjukuu anayemuongezea bibi yake, hiyo muiache ipite salama. Kama kompyuta zenu zinaweza kukata, zinaweza kuacha.

Naomba wenye jamvi wasiuunganishe uzi huu na nyuzi nyengine za tozo. Zile zinabishana vyama. Mie chama changu nakijua na nilikipigia kura, na hasira yangu iko palepale.

Jumatano mama ana kliniki Wete. Jumanne usiku nitamtumia nauli, na pesa ya dawa, na ya kutolea, na ya tozo. Mheshimiwa mbunge wangu, kama unapita humu au kuna kijana wako anapita, nijibu hili moja: hiyo ya tozo niipunguze kwenye mafuta ya maandazi, au kwenye dawa ya mama?