Vijana wa nchi tajiri, tamaa ya vitu na watoto mafukara duniani: somo lipangwe vipi?

Mwandaaji

Salaam wanajamvi. Naandaa vipindi vitatu, dakika 50 kila kimoja, kwa vijana wa miaka 13 hadi 15 katika nchi tajiri. Mada ni pengo kati ya kijana anayeona haya kutoa simu mfukoni kwa sababu ni toleo la mwaka juzi, na mtoto anayekulia kwenye ufukara wa kutupwa. Mpango unaotumika sasa ni video ya watoto wenye njaa, mjadala, halafu mchango wa nguo na viatu vilivyotumika. Wanafunzi wanatokwa machozi siku hiyo, na wiki haiishi wamerudi kwenye mashindano ya viatu. Naomba msaada: takwimu zipi zinasimama, zoezi lipi linapunguza kweli tamaa ya vitu, na wakitaka kutoa au kususia bidhaa waelekezwe wapi?

Hesabu za Mezani

Mkuu, anza na mstari wa umaskini, yaani kiwango ambacho aliye chini yake anahesabiwa fukara, maana ndipo karibu kila darasa linapokwama. Vijana watakwambia, "Lakini kule vitu ni rahisi." Kiwango cha Benki ya Dunia kimeshasawazishwa kwa bei. Dola 3 kwa siku, kiwango kinachotumika tangu Juni 2025, maana yake ni vitu ambavyo dola 3 zingenunua Marekani kwa bei za mwaka 2021. Si dola 3 zilizobadilishwa kwa fedha ya nchi husika. Na kinachohesabiwa humo ni pamoja na chakula ambacho familia imejilimia yenyewe.

Zoezi linakwenda hivi. Gawa darasa kwenye kaya za watu watano. 3 × 5 × 30 ni dola 450 kwa mwezi. Bei wachukue kwenye maduka ya nchi yao. Kama si Marekani, geuza kiasi hicho kwa kiwango cha usawa wa uwezo wa kununua (kinacholinganisha bei za nchi na nchi), usitumie kiwango cha kubadilishia fedha benki. Kodi ya nyumba iacheni kando, vinginevyo itameza hesabu yote na somo litaishia hapo. Kosa la kawaida ni kumaliza fedha kwenye chakula kabla ya kukumbuka nishati ya kupikia, sabuni na nauli, kwa hiyo hivyo waviandike kwanza. Wakishafunga hesabu, waambie mtoto mmoja amepata homa tarehe 12. Fedha ya dawa itatoka wapi? Kwenye sare ya dada yake, kwenye mafuta ya kupikia, au kwa mkopeshaji? Mjadala wa hapo una uzito kuliko video yoyote, kwa sababu wanaona mzazi maskini akipiga hesabu kali badala ya kumwona ameinua mikono tu.

Kuhusu takwimu, UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria watoto milioni 333 kwenye umaskini uliokithiri mwaka 2022, karibu mtoto 1 kati ya 6. Watoto ni kama theluthi moja ya watu wote duniani lakini ni zaidi ya nusu ya mafukara hao. Angalia: hesabu hiyo ilitumia kiwango cha zamani cha dola 2.15. Usiiweke kwenye jedwali moja na hesabu za dola 3, vijana watadhani umaskini umelipuka ghafla kumbe umebadilika mstari.

Kuna pia kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi (afya, elimu na hali ya maisha) cha UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na Chuo Kikuu cha Oxford, kilichoanza 2010. Kina viashiria 10, na cha mali kinalifaa sana somo lako. Kaya inahesabiwa imepungukiwa ikiwa haina gari wala lori, na katika orodha hii haina zaidi ya kimoja: redio, televisheni, simu, kompyuta, mkokoteni wa mnyama, baiskeli, pikipiki, friji. Yaani familia nzima ina simu moja tu, hakuna kingine. Waachie vijana waisome orodha hiyo polepole, bila maelezo yako.

Mlezi wa Rika

Naunga mkono hayo yote, ila kwenye hesabu hiyo ongeza tahadhari moja: usimwambie mwanafunzi yeyote ataje hadharani alivyo navyo nyumbani. UNICEF ilikadiria mwaka 2023 kuwa nchi tajiri zipatazo 40 za OECD (jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi) na Umoja wa Ulaya zina watoto zaidi ya milioni 69 wanaoishi kwenye umaskini. Huo ni umaskini wa kulinganishwa na wenzao wa nchi hiyohiyo, ni kipimo tofauti na dola 3, lakini fedheha yake ni ya kweli. Huenda mmoja wao amekaa mbele yako.

Sasa kwa nini video haidumu. Watafiti Lan Chaplin na Deborah Roedder John walichapisha mwaka 2007 utafiti uliolinganisha rika tatu. Kupenda vitu kulipanda kutoka miaka 8–9 hadi 12–13, kisha kukashuka kufikia miaka 16–18, na kilichoelezea mwendo huo ni kujithamini, ambako kunaporomoka mwanzoni mwa ujana. Watoto wa miaka 12–13 walipopewa maneno mazuri waliyoandikiwa na wenzao, tamaa yao ya vitu ilishuka. Ukimtia kijana aibu kwa picha za watoto wenye njaa, unabomoa kilekile kinachohitaji kujengwa. Atatafuta pa kujiegemeza, na kiatu kipya kipo karibu. Hoja hii ya mwisho ni yangu, haimo kwenye utafiti, lakini naisimamia.

Zoezi lenye ushahidi ni daftari la shukrani. Chaplin na wenzake, mwaka 2019, waliwapa vijana wa miaka 11 hadi 17 madaftari kwa wiki mbili. Nusu waliandika kila siku wanachokishukuru, nusu wakaandika shughuli za siku tu. Baadaye kila mmoja alipewa noti 10 za dola moja, akae nazo au atoe sadaka. Kundi la shukrani lilipungua kupenda vitu na lilitoa zaidi.

Uliendeshe hivi: kila jioni mistari michache, amtaje mtu na tendo. "Naishukuru familia yangu" haitoshi. "Kaka alinisubiri kituoni mvua ikinyesha" ndiyo yenyewe. Daftari lisisahihishwe, lisisomwe mbele ya darasa. Na usiruhusu shukrani ya kujilinganisha, ile ya "nashukuru mimi si kama wale". Hiyo inamfunza kujiona juu ya mtoto mwingine. Kwa kuwa linachukua wiki mbili, ligawe kwenye kipindi cha kwanza ili limalizike kabla ya kipindi cha tatu.

Bi Afya ya Jamii

Mwandaaji, nguo na viatu acheni. Kukusanya, kuchambua na kusafirisha kunakula fedha, na tatizo linaloua watoto haliko kwenye viatu. Mwaka 2022 walikufa watoto milioni 4.9 kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi kwa mambo yanayozuilika: nimonia, kuhara, malaria, matatizo ya uzazi.

Waletee darasani maji ya chumvi na sukari, yale anayopewa mtoto anayeharisha. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Waonje: yasizidi machozi kwa chumvi. Eleza pia yanayoharibika. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto mdogo, sukari ikizidi inaongeza kuhara, na ndiyo maana pakiti iliyopimwa tayari ni bora kuliko ya kuchanganya nyumbani. Mtoto huongezewa zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita. Kijana akishika kijiko hicho anaelewa fedha kidogo inaweza kwenda wapi.

Wakitaka kutoa, watafute miradi ya namna hiyo, au ya kuzipa familia fedha taslimu. Mexico ilianza mpango wake wa taifa mwaka 1997 na Brazili ikaanzisha Bolsa Família mwaka 2003, fedha zikifungamanishwa na mahudhurio ya shule na huduma za afya kama chanjo.

Kususia nako kuna mtego. Mwaka 1992 Seneta Tom Harkin alipeleka mswada wa kuzuia Marekani isiingize bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukupita, lakini viwanda vya nguo Bangladesh viliogopa vikafukuza watoto, makadirio yakiwa kama 50,000. UNICEF ilipofuatilia ikakuta baadhi wakiponda mawe, wakiuza barabarani, hata kuingia ukahaba. Mwaka 1995 ndipo ILO (Shirika la Kazi Duniani), UNICEF na wenye viwanda wakakubaliana kwamba mtoto anayeondolewa kiwandani apelekwe shule na familia ipewe posho. Tofauti yote iko kwenye hiyo posho.

Mwandaaji

Ahsanteni sana. Bi Afya, sasa wakiniuliza, "Basi tununue tu tunyamaze?"

Bi Afya ya Jamii

La, wasinyamaze. Waiandikie kampuni barua yenye maswali matatu: viwanda vyenu viko wapi kwa majina, nani huvikagua, na mkimkuta mtoto kazini mnafanya nini siku inayofuata? Swali la tatu ndilo linalobana. Baada ya Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo Bangladesh, kuanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, kampuni nyingi zilitia saini mkataba wa usalama wa majengo na vyama vya wafanyakazi, wenye nguvu ya kisheria. Shinikizo la wanunuzi lilichangia. Barua iwe ya darasa zima, ukurasa mmoja, yenye tarehe ya kutaka jibu. Jibu likija la maneno matupu, andikeni tena mkinukuu sentensi ile iliyokwepa swali.