Saratani ya tezi dume: sindano peke yake, au sindano na vidonge?

Mwana_Kwimba: Wakuu, habari za leo. Mzee wangu, miaka 71, amekutwa na saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imesoma 240. Daktari kamwanzishia bicalutamide 50 mg, kidonge kimoja kwa siku, na wiki ijayo aanze sindano ya Zoladex ya kila miezi mitatu. Kaka mkubwa anasema sindano inatosha, vidonge ni kutumaliza hela tu. Shangazi naye kaleta habari za kuondoa korodani, tangu hapo mzee kanuna. Waliopitia hili, naombeni mwongozo.

BabaJunior: Pole mkuu. Baba yetu aliondolewa korodani, PSA ikashuka na tukapumua na mbio za kutafuta sindano. Kazi ni ileile, kushusha testosteroni, homoni ya kiume inayoilisha saratani hii. Ila upasuaji ukishafanyika hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo aamue mzee mwenyewe, sio shangazi.

Mzizi_Asilia: Achaneni na kemikali. Nina dawa ya mizizi, njoo inbox.

Dada_Famasia: Mzizi, mtu ana saratani kwenye mifupa, usimpotezee muda.

Mleta uzi, sindano ya kwanza huipandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha. Kwa mwenye saratani mgongoni, maumivu yanaweza kuzidi, hata uti wa mgongo ukabanwa. Vidonge vya wiki za mwanzo ni kinga, msiviruke. Kinachobishaniwa ni kuviendeleza moja kwa moja. Jarida la kitabibu la Lancet la mwaka 2000 lilijumlisha tafiti 27 zenye wanaume 8,275: baada ya miaka 5, waliochanganya na vidonge vya kizazi hicho cha zamani walikuwa hai asilimia 25.4, wasiochanganya 23.6. Hapo kaka yako ana hoja.

Ila mchanganyiko wa siku hizi ni habari nyingine. Vidonge vya abiraterone na prednisolone hukata hata homoni ya kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambayo sindano haiigusi. Utafiti wa LATITUDE wa 2017, kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa vibaya: baada ya miaka 3, asilimia 66 ya walioongezewa abiraterone walikuwa hai, dhidi ya 49 kwa walioshushiwa testosteroni peke yake. Muulizeni daktari kuhusu hiyo. Abiraterone humezwa tumbo likiwa tupu, na presha, potasiamu na ini lazima vifuatiliwe.

Mwana_Kwimba: Shukrani dada. Akikubali upasuaji, abiraterone bado ina maana?

Dada_Famasia: Tena sana. Upasuaji unachukua nafasi ya sindano, sio ya abiraterone, na homoni haipandi kwanza. Hela ya sindano mnaihamishia huko.

BabaJunior: Na miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni usiku huohuo.